Uzi maalum kwa DJ anayeanza: kabla hujakopa hela ya mashine, soma hapa

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Inboksi yangu imejaa swali moja linalokuja kwa sura nyingi: "Kaka, nimejifunza kuchanganya, kontrola ninayo, mbona siitwi?" (Kontrola ni ile mashine ndogo ya kuendeshea programu ya DJ kwenye laptopu.) Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Sasa nimeona nianzishe uzi tuulizane mbele ya wote, na wenye uzoefu wa mikoa mingine waongezee. Mimi napiga muziki Dar, huu mwaka wa 12. Sendofu, harusi, kicheni pati, na ukumbi mmoja wa kila Ijumaa huku Tabata. Kodi ya nyumba na ada za watoto zinatoka humo.

Nianze na jambo ninaloliamini kuliko yote. Kuchanganya nyimbo mbili zisigongane unajifunza kwa miezi michache, na siku hizi programu yenyewe inakulinganishia mapigo. Hapo hutatofautiana na mtu. Anayeitwa tena ni DJ anayelijua kundi fulani la watu kuwashinda wenzake: wanainuka wimbo gani ukiingia, wanarudi kukaa wimbo gani, mama zao walicheza nini walipokuwa wasichana. Chagua kundi lako ulichimbe mpaka chini.

Tazameni muziki huu ulikotoka. Tarehe 11 Agosti 1973, Bronx, New York, DJ mmoja aitwaye Kool Herc alipiga kwenye sherehe ya dada yake. Alikuwa ameshagundua kwamba wachezaji wanasubiri kipande kifupi ambacho ngoma inabaki peke yake. Akawa anaweka santuri mbili za wimbo uleule, kipande kikiisha huku anakianzisha kule. Hiphopu imeanzia hapo, kwa mtu aliyekuwa anaangalia miguu ya watu.

Na kwetu je? Singeli imetoka kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, vya Manzese, Tandale na mitaa ya jirani. Ma-DJ walichukua vipande vya vyombo vitupu vya taarab, wakavizungusha, wakavikimbiza, mtu akashika maiki juu yake. Leo inakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za Sisso Studio ya Mburahati, na vijana wa studio ile wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Fikiria umbali huo, kutoka Mburahati. Walipiga cha kwao, wakakipiga kwa kiwango ambacho hakuna wa nje angeweza kukiiga.

Sasa niwaonyeshe ninachomaanisha kwa karibu, kwa sababu maneno haya ya "jua watu wako" kila mtu anayasema.

Kwenye sendofu kuna msafara wa zawadi. Mwaka wangu wa pili nilikuwa ukumbi mmoja Kinondoni, shangazi zake bibi harusi wamejipanga mlangoni kama arobaini, sare ya kitenge cha kijani, wa mbele kajitwisha beseni la vyombo. MC kanipa ishara. Nikabonyeza wimbo waliouchagua wenyewe. Ulikuwa unaanza na kinanda kitupu, nusu dakika nzima hakuna ngoma. Wale mama wakabaki wamesimama mlangoni, beseni kichwani, hawajui waanze mguu gani. Ngoma ilipoingia wakaanza kuja, taratibu, maana msafara haukimbii. Dakika tatu na nusu wimbo ukaisha, nusu ya msafara wako katikati ya ukumbi. Kimya. Nikaurudisha mwanzo, kile kinanda tena. Shangazi wa mbele akageuka akanitazama, na lile jicho bado ninalo.

Tangu siku hiyo kila wimbo wa msafara kwangu una alama mbili. Ya kwanza iko pale ngoma inapoingia, na ndipo ninapoanzia. Ya pili iko mwanzo wa kiitikio, ambapo naweka lupu, yaani kipande kinachojirudia, ya baa 8 au 16 (baa moja ni mapigo manne) ninayoweza kuizungusha hata dakika saba, mpaka shangazi wa mwisho afike meza kuu. Akishafika naiachia lupu, wimbo unaendelea na kumalizika kama vile umetungwa kwa msafara ule. Hakuna anayejua nimefanya nini. Lakini mjumbe wa kamati aliyekaa pale, mwenye binti anayeolewa mwezi wa nane, anachukua namba yangu akiondoka.

Jambo la pili ni MC. Huku kwetu MC ndiye nahodha wa sherehe, na mara nyingi ndiye anayeulizwa na kamati, "Tunatafuta DJ, unamjua nani?" Kazi zangu nyingi za miaka mitatu ya kwanza zilitoka kwa ma-MC wawili. Wao walinipenda kwa kitu kimoja: nilikuwa nashusha muziki kabla hawajafungua mdomo. Mtazame MC begani. Akivuta pumzi na maiki ikaanza kupanda, feda yako, kile kitelezi cha sauti, iwe imeshashuka. Akimaliza sentensi, muziki uwe umeshaingia, asibaki na kimya mkononi. Omba ratiba yake siku mbili kabla, uliza maharusi wanaingia na wimbo gani, tena uliza ni toleo lipi, watumiwe wausikie wauthibitishe. Keki, shampeni, ndafu, zawadi, kila kituo kiwe na wimbo wake na wa akiba.

Na uliza ukoo. Bibi harusi Mhaya na bwana harusi Mchaga, halafu DJ huna kitu hata kimoja cha Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya? Meza nzima ya wajomba kutoka Bukoba itakaa imekunja mikono. Uliza pia kuhusu imani. Harusi ya walokole unapiga injili mwanzo mwisho, na injili ya kuchezeka ipo ya kutosha usiku mzima, ila lazima uwe umeikusanya mapema, siyo unaitafuta mtandaoni watu wakiwa wamesimama.

Nimeanza na hayo. Ulizeni, nitajibu nikitoka kazini.

Mdau wa Mbeya

Mkuu shukrani sana kwa uzi. Mimi nina laptopu tu na programu ya Virtual DJ, sina kontrola. Nijifunze hivyo hivyo au nisubiri ninunue?

Mleta uzi

Mdogo wangu, anza leo. Virtual DJ ni bure kwa matumizi ya nyumbani, na kibodi inatosha kujifunza mpangilio wa nyimbo, alama, lupu na kuhesabu. Hesabu ndiyo mama: mapigo manne ni baa moja, na nyimbo nyingi tunazopiga zinabadilika kila baa 8 au 16. Ukizoea kuhesabu kichwani utajua mwimbaji anaingia lini hata wimbo ukiusikia mara ya kwanza, na utaacha lile kosa la kuwagonganisha waimbaji wawili.

Jifunze na kasi za muziki unaoupiga. Bongo Fleva nyingi zinacheza kwenye mapigo 90 hadi 105 kwa dakika, amapiano karibu na 112, hausi 120 na kuendelea. Ukitaka kutoka kwenye wimbo wa 98 kwenda amapiano ya 112 hiyo ni tofauti ya asilimia 14, ukivuta pitchi (kitelezi cha kasi) kwa nguvu sauti ya mwimbaji itachakaa na watu watasikia. Tafuta wimbo wa katikati wa 104 au 105 uwe daraja, au kata kwa eko (mwangwi) pale mwimbaji anapomaliza mstari kisha anza upya.

Kuna kitu kimoja nilichokigundua nikifanya mazoezi usiku, kikanipa jina Ijumaa zangu. Amapiano ya 112 na singeli ya 224: mapigo ya moja ni mara mbili kamili ya mwenzake. Unaziweka sambamba, amapiano inatembea chini, singeli unaingiza trebo yake tu kwa mbali, zile ngoma za juu, baa 16. Watu wanaanza kuhisi kitu mwilini kabla hawajakijua. Halafu unabadilisha besi: ya amapiano unaishusha, ya singeli unaipandisha. Mara ya kwanza nilipofanya, viti vilisogezwa ukutani bila mtu kuambiwa. Jaribu nyumbani hata mara hamsini kabla hujaipeleka mbele za watu.

Mdau wa Nairobi

Habari zenu wakubwa. Niongeze ya huku kwetu. Nairobi, DJ anayeanza anajulikana kupitia matatu. Unatengeneza mixi ya saa moja, unaiweka kwenye flashi, unampelekea dereva au makanga wa njia unayopanda kila siku. Kama ni gari la Rongai lenye muziki mzito, abiria wanaskia jina lako asubuhi na jioni. DJ Kalonje mixi zake zimezunguka kwa matatu miaka mingi, watu wanajua sauti ya jingo yake, ile sauti fupi inayotaja jina la DJ, hata hawajawahi kumuona uso.

Lakini mixi ya matatu si ya klabu. Abiria anaingia Bomas anashuka Madaraka, amekaa dakika ishirini. Huwezi kujenga polepole. Kila wimbo dakika moja na nusu, ile sehemu tamu, uende mwingine. Na usiweke jina lako kila sekunde thelathini, abiria anachoka, dereva anatoa flashi yako. Mimi niliweka jingo nne kwa saa nzima. Dereva mwenyewe alinipigia simu akitaka ingine.

Mleta uzi

Asante sana, kaka wa Nairobi. Hiyo ya dakika ishirini nimeipenda, maana ndiyo yaleyale ya kumjua msikilizaji wako yuko wapi na anashuka wapi. Huku Dar vijana wanaweza kuanza na bodaboda wenye spika, saluni za kiume na mabanda ya kuonyesha mpira. Saluni hasa. Mtu kakaa kwenye kiti nusu saa, hana pa kwenda, anasikiliza.

Mdau wa Arusha

Naomba nitofautiane kidogo na mleta uzi, kwa heshima. Tusiwadanganye vijana kwamba mashine hazina maana. Mimi nimekosa kazi za hoteli kwa sababu nilikuwa na kontrola ndogo, meneja akaiona akasema hiki ni kitu cha kuchezea. Mteja mwenye hela anaangalia vyombo kabla hajasikia muziki. Huo ndio ukweli wa soko.

Mleta uzi

Mkuu wa Arusha, nakubaliana nawe kwa upande wa hoteli na watalii, huko vyombo vinaangaliwa na siwezi kukubishia ulichokiona. Wasiwasi wangu ni kijana anayekopa mamilioni kabla hajapata hata wateja watatu, halafu mkopo unamlazimisha akubali kila kazi kwa bei ya kutupa. Kodisha. Dar na Arusha kuna watu wana seti kamili za kukodisha kwa usiku. Weka gharama ya kukodi ndani ya bei yako, mteja aone mashine kubwa, wewe ubaki huna deni. Ukiona unakodi kila wiki kwa nusu mwaka mfululizo, hapo nunua.

Na kuna kitu kidogo kinachowaumbua vijana wengi kwenye mashine kubwa, kiliniumbua na mimi. Niliitwa klabu fulani kubwa nimshike mkono DJ wao kwa saa mbili. Nikaenda na flashi yangu mpya, ya ukubwa mkubwa, nyimbo zote zimepangwa vizuri. Nikaichomeka kwenye CDJ zao za zamani, zile mashine kubwa za klabu zinazosoma flashi, mashine ikasema haioni kitu. Flashi ilikuwa imefomatiwa kwa mfumo wa exFAT, na zile CDJ zinataka mfumo wa FAT32. Nikasimama pale na hedifoni shingoni, sina wimbo hata mmoja, mpaka mwenye zamu akaniazima flashi yake. Nikapiga saa mbili kwa nyimbo za mtu mwingine. Kwa hiyo: flashi mbili, zote FAT32, zote zimetayarishwa kwa rekordbox (programu ya kupangia nyimbo za CDJ), zote zimejaribiwa. Moja mfukoni, moja kwenye begi.

Ubora wa faili pia. Wimbo uliochomolewa YouTube ukiupiga kwenye simu unaona uko sawa. Upeleke kwenye spika za inchi 18, besi inakuwa kama mtu anapiga godoro. Tafuta MP3 ya ubora wa juu, kbps 320, au muombe msanii mwenyewe. Wasanii wadogo wanafurahi sana DJ akiwaomba wimbo, na urafiki huo utakuja kukulipa.

Taa nyekundu kwenye mixa, jamani. Ukitaka sauti zaidi mwombe fundi wa spika aongeze huko kwake. Ukipandisha wewe mpaka nyekundu, sauti inakatwa vichwa na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaungua, na mwenye vyombo hatakusahau.

Dada wa Mwanza

Shikamoo kaka. Mimi ni mdada, nina miaka 22, nimejifunza kwa mwaka mmoja. Huku nikienda kuomba kazi baa wananiuliza kama nimekuja kuomba uhudumu. Wengine wanataka nipige lakini wanataka nivae wanavyotaka wao. Nimeitwa kazi yangu ya kwanza ya maana Jumamosi ijayo, kicheni pati, halafu mama mwenye shughuli ameniambia kuna watu wazima wengi. Naomba ushauri wowote.

Mleta uzi

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa hayo unayoambiwa baa. Si haki, na wanaume tuliomo humu tunayaona na tunanyamaza sana. Kampala yuko DJ Rachael, alianza miaka ya 1990 wakati mwanamke nyuma ya mashine lilikuwa jambo la kushangaza Afrika Mashariki nzima, na baadaye akaanzisha Femme Electronic kufundisha wasichana wengine. Nairobi wapo watu wa taasisi ya Santuri, nao wanafundisha. Watafute mtandaoni, waandikie.

Ila nikwambie kitu: umeanzia mahali pazuri kuliko unavyodhani. Kicheni pati ni shughuli ya wanawake, yanasemwa mambo ambayo hawataki mwanamume ayasikie. Mimi nikipiga huko kuna saa naambiwa nitoke nje, nawaachia wimbo unajipiga wenyewe. Wewe hutatolewa. Utakuwepo kungwi akianza kufunda, utajua wimbo gani unaingia baada ya neno gani. Hilo mimi siwezi kulipata hata nikipiga miaka 30. Ukilishika vizuri, Mwanza nzima utakuwa unatajwa na akina mama, na akina mama ndio wanaokaa kwenye kamati.

Kwa Jumamosi fanya hivi. Mpigie mama mwenye shughuli, muulize wageni wake wakubwa wana umri gani na wametoka wapi. Mwenye miaka 60 leo alikuwa binti miaka ya 1980, kwa hiyo bendi za Sikinde na Msondo alizicheza ukumbini, Mbaraka Mwinshehe alimsikia redioni kwao. Tafuta na nyimbo za Kisukuma kama ukoo ni wa huko, siyo lazima nyingi, tatu nzuri zinatosha. Saa ya kwanza watu wanakula: sauti chini, wasikilizane, zilipendwa na taarab ya polepole. Usimalize nyimbo kali hapo. Bibi mmoja akianza kutikisa bega kwenye kiti, huyo ndiye wa kumtazama. Ongeza kidogo, wimbo unaofanana na huo, mpaka ainuke. Akiinuka yeye, wakwe na mabinti watamfuata wenyewe.

Malipo: chukua nusu kabla, na makubaliano yaandikwe kwenye ujumbe wa simu. Saa ya kuanza, saa ya kumaliza, nani analeta spika, nani anakurudisha nyumbani usiku na kwa gharama ya nani. Hilo la mwisho kwako ni lazima liandikwe. Mwulize mweka hazina kabla ya shughuli kwamba nusu iliyobaki anakupa nani, maana ikifika saa sita usiku kila mtu anamsukumia mwenzake. Mimi niliwahi kulipwa sahani ya pilau na ahadi, kwa shughuli iliyochukua saa tisa nzima.

Mdau wa Mbeya

Mkuu, na hizi mixi zetu tukiweka mtandaoni haki miliki inakuwaje? Yangu imefutwa.

Mleta uzi

YouTube ina mfumo unaotambua nyimbo zenyewe. Mixi inaweza kuzuiwa, au ikaachwa na hela ya matangazo ikaenda kwa wenye nyimbo. Mixcloud wao wana makubaliano na wenye haki, kwa hiyo mixi ndefu zinakaa salama zaidi. Mimi YouTube naweka video fupi ya mikono yangu ikifanya kitu kimoja, mixi nzima naipeleka Mixcloud, kiungo kinabaki kwenye wasifu. Kwa upande wa ukumbi, mambo ya kibali cha kupiga kazi za watu hadharani yako chini ya usimamizi wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Muulize mwenye ukumbi kama anacho, ili siku wakija wakaguzi usikamatiwe laptopu.

Halafu masikio. Sauti ya desibeli 100, ambayo kwenye klabu ni ya kawaida kabisa, dakika 15 tu zinatosha kuanza kukuumiza. Sisi tunapiga kwa muda wa saa sita. Nina rafiki tuliyeanza naye pamoja, sasa anasikia mluzi sikio la kushoto usiku na mchana, hedifoni aliivalia upande huo kwa sauti ya juu miaka tisa. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, nenda navyo kama unavyokwenda na flashi.

Dada wa Mwanza

Kaka nashukuru mno. Nimempigia mama mwenye shughuli sasa hivi. Kumbe bibi mzaa mama yake bibi harusi anatoka Ukerewe, ana miaka 81, na anapenda sana rumba ya Kikongo. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kulala. Nianze na rumba gani?

Mleta uzi

Usianze nayo, mdogo wangu. Ihifadhi. Muulize mama, bibi anaingia ukumbini saa ngapi na anakaa upande gani, uweke spika moja imwelekee, isiwe karibu na sikio. Muulize pia kama bibi anakumbuka wimbo wowote kwa jina, na kama amesahau jina basi aimbe kipande, mama akurekodie kwenye simu. Wewe utautafuta, na ukikwama uweke ile rekodi hapa, wazee wa rumba humu wapo, watautambua kabla ya mstari wa pili. Ukishaupata, sikiliza mpaka kwenye sebene, pale magitaa yanapoanza kukimbia, weka alama yako hapo. Bibi akishakula, na mabinti wakiwa bado wamekaa, mpigie tangu mwanzo wake wote. Ukifika sebene weka lupu, wape nafasi wajukuu waende wakamwinue.

Jumapili nitapita hapa kusoma ilivyokwenda.